Nilitumia Majibu ya Damu Yangu Kumwangamiza Wifi Yangu

Kosa ni langu. Usinitafutie udhuru, na usianze kunihurumia kabla hujasikia yote. Nilimwangamiza mwanamke mwenzangu kwa karatasi ya maabara ambayo hata kuisoma sikujua, na siku aliponihitaji nikafunga mlango. Kibaya zaidi, nilifurahi!

Mimi ni fundi wa nguo hapa Biryogo, Kigali. Jina langu achana nalo. Mume wangu nimwite Haruna, dereva wa teksi, kazi yake kubeba abiria wa uwanja wa ndege wa Kanombe. Tumekaa katika ndoa muda mrefu bila mtoto, na Haruna hakuwahi kunisema hata siku moja. Aliyenisema ni dada yake, wifi yangu, nimwite Zaituni, mwenye mgahawa kichochoro cha pili kutoka kwangu.

Ilikuwa kwenye harusi ya binamu yao. Wanawake tumekaa nyuma ya nyumba tunamenya ndizi, watu wananisifu kwa magauni niliyomshonea bibi harusi na wenzake. Zaituni akacheka, akasema mbele ya wote:

"Huyu mashini yake njo inazaa. Yeye mwenyewe hapana!"

Wakacheka! Wallahi walicheka, wengine wakaficha midomo kwa vitenge. Mimi nikaendelea kumenya ndizi, uso mkavu. Lakini moyoni nikasema: Zaituni, hili utalilipa, hata nikilibeba mpaka nywele ziwe nyeupe.

Haikupita muda akapata mimba. Mume wake ni mfanyabiashara wa vitenge, leo yuko Bukavu, kesho yuko njiani, basi Zaituni alikuwa anajitembelea mwenyewe na tumbo lake. Kila akipita mbele ya duka langu nilihisi ananipitishia makusudi. Labda alikuwa anaenda sokoni tu. Sikutaka kujua.

Sasa ngoja niseme ukweli ambao niliuzika kwa mikono yangu. Vidole vilikuwa vimeanza kuniuma kabla. Kabla ya yote nitakayosema hapa! Nikiamka asubuhi mikono migumu kama mbao, kifungo cha gauni siwezi kufunga, mpaka jua lipande ndipo inalegea. Nikajiambia ni mkasi, ni uchovu, ni baridi ya mvua.

Jioni moja Zaituni akaja mwenyewe na bakuli la pilau ya nyama, limefunikwa kitambaa safi.

"Wifi," akasema, "lile neno la harusini lilinitoka vibaya. Tangu siku ile silali vizuri. Kula, tuyamalize."

Nikapokea. Nikala. Ilikuwa tamu, sitasema uongo.

Asubuhi yake nikaamka vifundo vimevimba, vya moto, kikombe cha chai kikanidondoka. Haruna ndiye aliyenivalisha nguo kama mtoto. Unajua nilichofikiri. Kila mtu wa hapa Kigali anajua. Uburozi! Amenilisha sumu!

Haruna akanipeleka kliniki. Dokta alikuwa binti mpole, akanikandakanda vidole kimoja kimoja, akatuma nitolewe damu. Majibu yalipotoka akanikalisha karibu naye.

"Mama, hapa damu yako inaonyesha uvimbe mkubwa mwilini. Hii inaitwa CRP. Ni protini inayotengenezwa na ini mwili ukiwa unapambana. Yako iko juu sana. Na hiki kipimo kingine kinaonyesha kinga yako inashambulia viungo vyako mwenyewe. Ni baridi yabisi, ile ya kinga."

"Na sumu?"

"Oya, mama. Sumu hatujaiona hapa."

"Lakini umesema iko juu."

"Iko juu, ndiyo. Inapanda kwa mambo mengi. Mwenye nimonia inapanda. Mwenye kidonda kilichooza inapanda. Yenyewe haisemi ugonjwa umetoka wapi, ndiyo maana tumepima na vingine."

Akanipa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, akaniambia nisivikatize, nirudi apime damu tena. Akasema nikichelewa viungo vitaharibika na havitarudi.

Nilisikia maneno mawili tu: juu sana. Hayo mengine nilimwachia pale pale mezani. Kinga yangu mwenyewe inishambulie mimi? Kwa nini? Nimeikosea nini? Adui ninamjua, ana jina, ana mgahawa, ana tumbo!

Nikafika nyumbani, nikaipiga picha ile karatasi. Kwenye mstari wa CRP kulikuwa na kishale kinachoelekea juu. Nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la wanawake wa mtaa, nikaandika: "Majibu ya hospitali yametoka. Sumu imeonekana kwenye damu. Nilikula chakula cha mtu wa karibu sana, na chakula ndiyo kazi yake. Jihadharini na watoto wenu."

Jina sikulitaja. Halikuhitajika.

Mana yangu! Simu ililia mpaka ikapata moto. Pole, wihangane, Mungu atamlipa. Waliocheka harusini sasa walikuwa wananililia! Nilikaa kitandani nasikiliza zile sauti moja moja, na nilisikia utamu ambao pilau ile haikuufikia.

Mgahawa wa Zaituni ukakauka. Mafundi wa nguo hawakwenda, madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, hawakwenda, hata waliotoka kuswali Ijumaa wakawa wanavuka upande wa pili. Nilipita pale mchana, makusudi. Masufuria yamejaa, viti vitupu, yeye amekaa peke yake ameshika kiuno. Nikamsalimia!

"Wifi, biashara iko namna gani?"

Akainuka kwa shida. "Njo mimi weye unasema kwa simu?"

"Kuna mahali umeona jina lako?"

"Wifi, niangalie. Mimi nikulishe sumu? Mimi?"

"Mwenye kujijua amejijua," nikasema, nikaondoka naona mwili mwepesi, nikasahau hata maumivu ya mikono.

Haruna aligomba. "Dokta alisema hakuna sumu, na mimi nilikuwepo!" Nikamwambia dokta ni mtoto, hajui mambo ya watu. Nikamwambia achague, dada yake au mimi. Akanyamaza. Haruna ni mtu wa kunyamaza, na mimi nilifikiri kunyamaza ni kukubali.

Vile vidonge nikaviacha. Nitamezaje dawa ya baridi yabisi na mimi nina sumu? Nikaenda kwa mzee mmoja anayetapisha watu sumu. Akaninywesha maji machungu, nikatapika mpaka nikaona nyota. Akanionyesha kitu cheusi kwenye beseni. "Umeiona?" Nikasema nimeiona. Ningeona chochote siku hiyo.

Vidole havikupona. Vilianza kupinda.

Zaituni akajifungua, mtoto wa kiume. Mume wake yuko Bukavu. Hapa kwetu mzazi hakai peke yake: huyu anapika uji, huyu anafua, huyu anamkanda tumbo na kumtazama kama ana homa. Kwake nani angeingia? Nani angekunywa maji ya nyumba ile? Alikuwa akienda Mama Rehema tu, mama mzima jirani yake, ambaye hana simu ya WhatsApp na maneno ya mtaa humfikia yamekwisha kuchacha.

Nikasikia kuwa Zaituni hajisikii vizuri. Nikasema vizuri sana. Acha aonje kulala hajui mwili wake una nini.

Halafu asubuhi moja, jua limeshapanda, Mama Rehema akagonga mlango wangu, kilemba kimemlegea.

"Haruna iko wapi? Zaituni iko moto kama jiko! Anatetemeka, anasema maneno haieleweki. Nataka gari, mwanangu, haraka!"

Haruna alikuwa amelala chumbani. Alitoka Kanombe alfajiri. Pazia tu ndilo lilikuwa kati yetu.

Nikasema, "Ametoka."

Akatazama chini. "Viatu vyake si hivi?"

"Ametoka na vingine, mama."

Alinitazama. Yule mama alinitazama, halafu akaondoka anakimbia kwa miguu yake ya uzee. Na mimi, unajua nilifanya nini? Nilikaa kwenye mashini nikaanza kukanyaga kwa nguvu, kitambaa hakipo hata kimoja, ili Haruna akisikia sauti za watu adhani ni kazi. Nilikanyaga mpaka magoti yakaniuma. Sikulia. Nilisikia haki imetendeka!

Dereva wa moto alipatikana, lakini Zaituni hakuweza kukaa, kila wakimpandisha anaanguka. Wakambeba kwa blanketi mpaka barabarani, wakasubiri gari. Haruna aliamka adhuhuri, akakuta simu kutoka hospitali. Hakuniuliza kitu. Alikimbia, na mimi nikamfuata, kwa sababu mke asiyefuata angeulizwa.

Walikuwa wamempeleka chumba cha upasuaji. Ukumbini wamejaa shangazi na dada wa mume wangu. Alipotoka daktari, mwanamume mtu mzima, alisema maambukizi yaliingia baada ya kujifungua yakasambaa kwenye damu. Akasema damu ilionyesha hali mbaya, chembe nyeupe zimevurugika, CRP imepanda kupita kiasi. Ameokoka, lakini kizazi wamekitoa. Akasema angefika mapema kidogo huenda kisingetolewa.

Nilisikia hilo la kizazi likinipita kama maji ya baridi mgongoni. Lakini shangazi yao mmoja, Hadija, alikuwa amesikia lingine.

"CRP?" akasema. "CRP si njo ile ya sumu? Ile weye ulituonyesha kwa simu?"

Wakageuka wote.

"Na Zaituni naye amepatikana nayo! Sasa nani alikuwa na chuki na yeye?"

"Hapana!" nikasema. "CRP si sumu! Inapanda kwa mambo mengi, shangazi, hata maambukizi, yenyewe haisemi ugonjwa umetoka wapi..."

Maneno ya yule dokta binti yalinitoka yote, neno kwa neno. Kumbe niliyasikia! Kumbe yalikuwemo siku zote!

Hadija akapiga makofi polepole. "Leo umejua. Siku ile mbona hukujua?"

Mama Rehema alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, mtoto mapajani. Hakupaza sauti. "Na viatu vya Haruna vilikuwa mlangoni," akasema.

Haruna hakunipiga. Hakunitukana. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha nyumba aliyofika kwa kupotea. Wiki ile ile alipanga chumba Kanombe. Hajanipa talaka. Ameondoka tu, na simu yangu hapokei.

Mtaani mimi ndiye mrozi sasa, mchawi wa kulisha watu sumu. Nilijitetea kwenye kundi lile lile, nikaandika kurasa, wakanitoa. Hakuna anayeniletea kitambaa. Mwanamke mmoja alirudisha gauni la Idi nililokwisha kumshonea, akaliacha mlangoni ndani ya mfuko wa karatasi. Anaogopa nimelitia kitu. Ningemlaumuje? Mimi ndiye niliyewafundisha kusoma damu namna ile!

Nikarudi kliniki. Dokta yule yule. Hakunigombeza, na ningependa anigombeze. Alipima damu tena, akanianzisha vidonge upya. Sasa maumivu yamepungua na kipimo kinashuka, namshukuru Mungu. Lakini vidole vilivyopinda havinyooki. Sindano siwezi kuitunga uzi. Mashini iko pembeni, nimeifunika shuka.

Nilikwenda kwa Zaituni. Alikuwa amefungua mgahawa tena, na watu wamejaa, wanamhurumia, wanakula na kuagiza tena. Akanipeleka chumba cha nyuma, anamnyonyesha mtoto. Nikapiga magoti.

"Wifi, nisamehe. Nilikuzulia. Na siku ile Haruna alikuwepo ndani. Nilijua."

"Najua ulijua."

"Lakini sumu sikukulisha. Naapa. Watu wanasema nimekuroga, nakufa njaa, wifi. Wewe ukisema neno moja watakusikia."

Akamhamishia mtoto titi la pili. Hakuwa na haraka.

"Mimi najua hukunilisha kitu," akasema. "Dokta alinieleza vizuri. Ilikuwa maambukizi ya uzazi, na kuchelewa. Najua kila kitu."

"Basi waambie!"

"Sisemi."

"Wifi..."

"Kukusamehe, labda Mungu atanipa siku. Kusema, sisemi. Ilikuwa kwangu, sasa iko kwako. Kaa nayo."

Nilitoka pale nikiwa na hasira! Ndiyo, mimi, baada ya yote niliyofanya! Njiani nilikuwa tayari natafuta la kumfanyia, namna ya kumrekodi kwa simu akikiri kuwa anajua, watu wamsikie. Mpaka leo lile wazo linanijia. Nalishika, linaponyoka, nalishika tena. Usidhani naandika haya nimekuwa malaika.

Wewe unayesoma, ukipewa majibu ya damu ambayo huyaelewi, muulize dokta. Muulize tena mpaka achoke, yeye ndiye kazi yake. Usiipe hasira yako isome, itasoma inachotaka. Dawa ukipewa, meza, hata kama una uhakika wa adui yako. Picha ya karatasi usiitume kwa watu, maana ukishawafundisha watu uongo hawatakuuliza ruhusa siku ya kuutumia juu yako.

Na mtu unayemchukia akiugua, akaomba gari, mpe gari. Mwamshe mumeo, ampeleke hospitali haraka. Kamchukie akishapona.