Chai ya Mwalimu wa Biashara

Kila Jumanne mwalimu wa biashara hufika Umoja kwenye kibanda cha sambusa cha Muhiba, hupangusa kiti kwa leso na kununua sambusa mbili kabla hajasema neno. Muhiba alipomwambia anataka kufungua kibanda cha pili Donholm, mwalimu alimketisha nje, akampa kikombe chake cha chai amshikie. "Mwachie Saado jiko, amekupikia miaka mitatu. Usiinuke." Muhiba akainuka kukagua jikoni: mafuta, chumvi, mafuta tena. Chai ikamwagika, na mwalimu, kwa ile sauti yake ya kubembeleza mtoto, akaagiza nyingine. Yakawa hayo hayo Jumanne sita. Ya saba, wateja walihudumiwa wakaenda zao, na chai ikapoa mikononi mwa Muhiba bila kupungua tone. Mwalimu akaipokea, akainywa hivyo hivyo baridi.

"Haya dada, sasa tuongee habari ya Donholm."