Mkono Wangu Uliungua Watu Wakitazama

Mimi ni Hamida, fundi cherehani wa hapa Nyamirambo. Mmeniomba nieleze nilivyougua na nilivyopona, nami nitaeleza. Lakini anayetarajia nimalize kwa kuwasamehe watu, atoke sasa hivi akanywe chai.

Nilikuwa mzima kabisa. Nilikuwa na cherehani yangu, nilikuwa na mchumba, Djuma. Vita vilikuwa vimeanza huko kaskazini, na usiku hatukuruhusiwa kutembea, kwa hiyo starehe zetu zote zilikuwa za mchana. Jirani na chumba changu cha kushonea, Kalisa alifungua ukumbi wa michezo ya mashine. Yalikuwa masanduku marefu yenye kioo kama cha televisheni. Unatumbukiza jetoni, yaani sarafu ya mashine, unashika mpini, unacheza. Kulikuwa na mbio za magari, ngumi, matofali yanayodondoka uyapange, na ndege ya angani inayopiga mabomu.

Wanaume walijazana humo. Mimi niliingia kila nilipomaliza kazi, na kwenye ile ya ndege niliwashinda wote. Herufi za jina langu zilikaa juu kabisa ya kioo, na hilo liliwauma.

"Mchumba wa mtu anashinda kwenye mashine," walisema.

Niliwajibu wacheze vizuri waniondoe.

Alasiri moja nilifika hatua ya mwisho ya mchezo ule. Kila bomu lilipolipuka, kioo kizima kiliwaka cheupe, chekundu, cheupe, chekundu. Nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Jicho la kushoto likaanza kucheza lenyewe. Kilichofuata sikijui. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, ulimi nimeuuma, mdomo umejaa damu na povu, gauni limelowa mkojo. Watu walikuwa wamebanana ukutani. Kalisa alikuwa ananimwagia maji ya ndoo akiwa amesimama mlangoni.

"Huyu iko na igicuri," alisema. Igicuri ni kifafa. "Mate yake isikuguse. Toka, Hamida, na usirudi hapa."

Nilitoka nikishika ukuta. Hakuna aliyenipa mkono.

Kesho yake mama yake Djuma alikuja dukani, akasema mbele ya wateja wangu: "Mwanangu hatalala na pepo." Djuma alisimama nyuma yake akitazama viatu vyake. Uchumba ukaishia hapo.

Kaka yangu Yusufu alinipeleka kwa mtu wa kutoa mapepo. Nilifunikwa blanketi, nikafukizwa moshi wa pilipili mpaka nikatapika nyongo. Yule mtu alisema pepo amekasirika. Mimi ndiye niliyekuwa nimekasirika. Na ugonjwa ulizidi. Nikiamka nimechoka, mikono ilirukaruka na kikombe cha chai kilinitoka. Nilianguka bafuni, nikaanguka tena uani.

Kisha ikaja siku ya pasi. Taa ndefu ya dukani ilikuwa mbovu, inapepesa tu, haitaki kuwaka sawasawa. Nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja kwa pasi ya mkaa. Nilisikia ile harufu ya mpira, nikajaribu kukaa chini, nikachelewa. Nilianguka, pasi ikanifuata, mkono wangu wa kulia ukalala juu ya chuma cha moto.

Haya niliambiwa baadaye, maana mimi sikuwa na fahamu. Dukani kulikuwa na wateja, na Kalisa alikuja na watu wake kutazama. Walisikia harufu ya nyama. Mmoja alisema, "Usimguse, itakuingia." Wakasubiri. Aliyenitoa ni Vestine, muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara, aliyesikia kelele. Aliipiga pasi teke, akanilaza ubavu, akanifuta povu kwa khanga yake mwenyewe. Dereva wa teksi alikataa kunipakia. Vestine alimtukana mpaka akafungua mlango.

Hospitalini daktari mzee aliufunga mkono, kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mara ya kwanza ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nacheza mashine, daktari. Yusufu anasema ndiko pepo alikoniingilia."

"Mwache Yusufu. Mchezo gani?"

Nikamweleza mabomu. Akauliza kuhusu ule wa matofali. Nikasema nimeucheza mara nyingi, haujanifanya kitu. Ndipo nikakumbuka ile taa ya dukani.

"Mwanga unaopepesa unakuangusha, na kukosa usingizi pia," alisema. "Ni ugonjwa wa ubongo, una dawa. Na hauambukizi. Mate yako ni mate tu."

Nililia. Nililia kwa hasira, msifikiri ni furaha.

Vidonge vilinilewesha wiki za mwanzo, nikawa nasinzia juu ya kitambaa. Nilivimeza hivyo hivyo. Nilibadilisha taa, nikajifunza kulala mapema. Kuanguka kukapungua, kisha kukakoma. Vidole viwili havikunjiki tena, kwa hiyo mkasi naushika kwa mkono wa kushoto. Mama yake Djuma aliniletea kitambaa nimshonee nguo ya sikukuu. Nilimrudishia. Kisha nilikwenda kwa Kalisa, nikakaa kwenye mashine ya matofali. Wanaume waliokuwamo wakatoka mmoja mmoja. Nilicheza peke yangu mpaka nikachoka, nikaenda nyumbani kwa miguu yangu.

Namshukuru Mungu, na yule daktari. Nyinyi wagonjwa, msiache dawa kwa sababu mmejisikia nafuu. Na nyinyi wengine, mtu akianguka, ondoeni moto na vyuma karibu naye. Msimtie kijiko mdomoni, msimkandamize. Mlazeni ubavu, mkae naye. Mguseni. Aliyenigusa mimi hajaugua hata siku moja. Yuko pale nyuma, mwenye kitenge cha kijani. Simama, Vestine, wakuone.