Stika ya Bernadine kwenye Bampa la Trent

Bernadine Stachowiak amesugua msasa mjini Toledo miaka ishirini na sita, na wajinga anawajua kwa sauti ya mlango wa gari. Gereji yake ya bodi na rangi haina kingine cha kujivunia ila jina, na jina hilo alilitolea jasho mpaka wanaume wa mji ule wakakubali kumletea magari yao.

Anayemdharau kuliko wote ni Trent, mume wa mdogo wake, mtu wa kutazama video mbili akaamka fundi. Septemba Trent alinunua sketi, kile kipande cha plastiki cha kuunga chini ya bampa la nyuma ili gari lionekane la mashindano. Akataka isijulikane bampa limeishia wapi na sketi imeanzia wapi.

"Ipime bampa likiwa garini," Bernadine akamwambia. "Kwangua rangi mpaka uone plastiki. Kaza skrubu kwa ndani. Na ungio lizibe kwa puti ya plastiki, inayokubali kupinda. Ile ya bati itapasuka baridi ikianza."

"Shemeji, unapenda kukuza mambo," Trent akacheka. "Puti ni puti."

"Na kichwa ni kichwa, lakini cheki hicho chako."

Trent akalibwaga bampa juu ya meza ya kulia chakula, akaiunga sketi mwenyewe.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba wenye magari walikutana kuyaonyesha kwenye uwanja wa kanisa, kabla chumvi ya kuyeyusha barafu haijamwagwa barabarani na magari kufunikwa mpaka theluji iishe. Usiku wa kuamkia siku hiyo maji yalikuwa yameganda. Bernadine hajamaliza hata kahawa yake, mzee Elroy, mteja wake wa siku nyingi, akamwita nyuma ya gari la Trent.

"Berna, siku hizi ndiyo kazi yako hii?"

Sketi imekaa upande. Upande wa kulia kuna mwanya, kidole kinapita. Na katikati ya bampa, stika yenye jina la gereji yake! Watu sita wanaitazama, wanamtazama na yeye.

"Nimekutangaza, shemeji!" Trent akasema. "Niliichukua mezani kwako."

Bernadine akachuchumaa. Stika ilikuwa juu ya ungio kabisa, pale sketi inaposhikana na bampa, tena imekaa mshazari.

"Mbona umeibandika hapa?"

"Panaonekana vizuri."

"Trent."

"Iache tu, shemeji. Tafadhali."

Neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake. Akatia ukucha, akavuta. Ufa ukajitokeza, mrefu kama kamba ya kiatu, kisha donge la puti likang'oka pamoja na stika. Chini yake rangi ya kiwandani inang'aa, haijaguswa na msasa hata kidogo.

Elroy akapiga mluzi. "Sasa hii kafanya nani?"

"Huyo hapo. Mwambieni awaonyeshe video."

Akabandua jina lake kwenye lile donge, akalikunja akalitia mfukoni, na donge akamwekea Trent mkononi.