Siku Mwalimu wa Uchumi Alipoketi Nasi

Iko siku moja hainitoki akilini, mwanangu, na kila nikisikia vijana mkiulizana kama bado ina maana kwenda chuo kikuu kusoma uchumi, naikumbuka.

Nilikuwa mwaka wa pili, msichana wa Bagamoyo mjini, maneno tele. Dokta Shaibu, mtu mzima wa Pangani, alikuwa akitufundisha mipango ya taifa: serikali ipange nini, viwanda vijengwe wapi. Hayo niliyamudu. Mara muhula mpya ukaanza, tukaambiwa mtaala umebadilika. Sasa tunasoma soko, na soko lenyewe limeandikwa kwa hesabu ubao mzima.

Aliyekuja kulifundisha ni kijana, Mwalimu Hamza, ambaye Dokta Shaibu ndiye aliyemsomesha. Na Dokta Shaibu mwenyewe akaingia nyuma yake, akaketi benchi la mbele, ubavuni mwangu, akatoa kalamu. Mwalimu Hamza chaki ikamponyoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Endelea, baba. Nikikosea nisahihishe kama wenzangu."

Wapo waliomcheka pembeni. Mimi sikuwa na moyo wa kucheka. Hesabu zile zilinishinda, na nilikuwa nimeshafunga sanduku nirudi nyumbani. Nikamwambia Dokta Shaibu, "Mwalimu, mimi nilikuja kusoma uchumi, sikuja kusoma hesabu."

Akanitazama kwa upole. "Na mimi, binti yangu, nilidhani nimeshamaliza kuusoma. Kaa, tuanze upya sote."

Nikakaa. Tukawa tunafanya mazoezi pamoja nje ya maktaba, mara yeye akwame, mara mimi.

Wiki kadhaa baadaye akanyoosha mkono darasani. "Mwalimu Hamza, hesabu nimeifuata. Lakini huyu mnunuzi wako wa kwenye mchoro, anayejua bei za maduka yote na kukimbilia ya chini, kwao wapi? Pangani sijamwona."

Tukaangua kicheko, Mwalimu Hamza naye akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akatulia. "Basi likizo hii kila mtu akamtafute kwao."

Nilipofika Bagamoyo nikamuuliza mama kwa nini unga hununua kwa Mzee Kassim, na duka la jirani bei yake ni nafuu. Mama akalishangaa swali. "Baba yako alipolazwa, nani alikuja kumjulia hali?"

Nikaliandika hilo. Mwalimu Hamza akalisoma mbele ya wote, akageukia ubao: "Haya, tuone mama huyu tutamwekaje humu." Tukahangaika naye kipindi kizima, hatukummaliza. Siku hiyo ndipo nilipoupenda uchumi, na nimeufundisha kwa furaha mpaka nikastaafu.

Leo mnaniambia kompyuta inamaliza hesabu kabla hujakaa vizuri, na vyuo vinabadilisha masomo tena. Navibadilishe, mwanangu, ni haki yao. Nenda kasome. Hesabu usizikimbie, hata kama mashine inazijua, maana usipozielewa hutajua inakudanganya wapi. Na kila wanapokuonyesha mtu wa kwenye mchoro, muulizie kwao. Utakachofundishwa leo huenda ukikute kimepitwa na wakati kabla hujapata mvi. Hapo usinune wala usione haya, jifunze kwa aliye mdogo kwako.

Mwenyezi Mungu akufungulie fahamu, akupe walimu wanaokubali kuulizwa, na elimu yako iwafae watu. Amina.