Rambirambi Zilizopimwa Saiba

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la kompyuta na intaneti, pale Ruiru, nikingoja kupiga kopi. Mbele yangu walikuwa mzee na mjukuu wake, wakisubiri kijitabu cha mazishi ya nyanya, mke wa mzee, kichapishwe. Msichana anasomea kompyuta. Wakati ulipita polepole, kwa hivyo akafungua laptop amwonyeshe babu kazi yake ya chuo, programu aliyoiandika: inasoma maoni ya watu mtandaoni, inatafuta maneno mazuri na mabaya yaliyo kwa orodha yake, kisha inasema kama wana furaha au huzuni.

"Hebu pima rambirambi za cucu," mzee akasema, akimtaja nyanya kwa Kikuyu.

Msichana akapima zile walizoandikiwa mtandaoni. Uso ukamshuka.

"Guka, inasema watu wamefurahi sana," akamwambia babu yake.

Maskini kompyuta, ingesema nini? Huku kwetu mtu akifa tunaandika "Bwana asifiwe", "ameshinda", "ameingia rahani". Mgeni akisoma atauliza harusi ni lini.

Mzee alicheka mpaka akashikilia kaunta. "Hao ni akina mama wa kanisa! Na yangu je?"

Yake, aliyoiandika mwenyewe kwa kidole kimoja, ilikuwa neno moja tu: "Nimebaki."

"Inasema haina hisia, Guka. Hilo neno haliko kwa orodha."

Mzee akavua kofia, akaipangusa vumbi ambalo mimi sikuliona.

"Liongeze."

"Upande gani?"

"Wa huzuni," akasema, akimpapasa mkono. "Lakini hao wengine usiwaguse. Cucu wako alipenda watu wakifurahi."