Wimbo Wangu na Tarumbeta za Kitale

Mimi ni mtu wa kushuku. Mama alikuwa akinicheka kwamba nikiandaliwa chakula nafunua mboga kwanza nione kuna nini chini. Nilipokuwa mwalimu kijana kule Sirisia, miaka michache baada ya vita, tabia hiyo ilinifaa, kwa kuwa hakuna mtoto aliyenidanganya akafika mbali. Lakini kuna mtu mmoja niliyemharibia maisha kwa sababu ya tabia hiyo hiyo, na nimechoka kunyamaza.

Nilikuwa na kwaya ya kanisa, watu ishirini na wanne, na nilikuwa nimetunga wimbo. Niliuandika kwa do-re-mi, sauti nne, kama tulivyofundishwa chuoni. Ikatangazwa kwamba kanisa jipya litafunguliwa Kitale, na wazee wa kanisa wakataka wimbo huo uimbwe pamoja na bendi ya huko. Kwaya iimbe ubeti wa kwanza peke yake, bendi iingie ubeti wa pili. Kuandikia vyombo sikujua hata kidogo. Nikatumwa kwa mkuu wa bendi anifundishe.

Huyo alikuwa mzee aliyetoka upande wa Mlima Kenya, aliyepuliza tarumbeta jeshini, kisha akawa karani wa stoo ya mahindi. Hakuwa na mke wala shamba. Alikuwa na bendi: tarumbeta sita, ngoma moja, na vijana aliowafundisha mwenyewe tangu kushika chombo. Kabla sijamwona nilikwisha kunong'onezwa kwamba mizinga ilimuua sikio la kushoto, na kwamba wazee wa kanisa wanangoja akosee mara moja tu mbele ya watu wamnyang'anye bendi. Mwingine angemhurumia. Mimi nilijiambia kwamba mtu aliyebanwa hivyo atatafuta wa kumsukumia lawama, na wa karibu nilikuwa mimi.

Kila Jumamosi niliendesha baiskeli hadi Kimilili, nikadandia lori la mahindi hadi Kitale. Tulikaa stooni kwake juu ya magunia, karatasi mapajani. Siku ya kwanza aliusoma wimbo wangu, akacheka.

"Mwalimu, hii umeandikia watu. Mtu iko na maneno ya kumbeba. Tarumbeta iko na mdomo tu, na mdomo inachoka, bana. Wacha ipumzike."

Akafuta nusu ya noti za tarumbeta zilizofuata sauti ya tatu, ile tunayoiita tena. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Aliniambia pia kwamba si lazima kila mmoja awe na kazi kila wakati; tarumbeta ya tatu inaweza kungoja mistari miwili mizima, na ikiingia watu watageuka kuitazama. Leo najua hayo ndiyo mafunzo bora niliyopata kwa mtu yeyote. Wakati ule niliona ananipunguzia wimbo ili baadaye auite wake. Nikawa naweka sahihi yangu kwenye kona ya kila karatasi, mbele na nyuma. Aliziona sahihi zile, akaniuliza kama chuoni kwetu ndivyo inavyofanywa. Nikasema ndiyo.

Kisha tukafika kwenye ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo unaanzia. Kwaya yangu iliimba katika F. Yeye akawaandikia vijana wake G, hatua moja juu.

"Mzee, hizi ni mbili tofauti," nikasema.

"Kwa karatasi. Kwa hewa ni moja. Hii tarumbeta ni kama debe yenye imebonyea chini. Ukitaka ijae kama ya wengine, si unaongeza kidogo? Wewe kaa na F yako. Usiguse."

Mfano wenyewe ulikuwa wa debe la kupunja! Nilitoa kipenga changu cha kupimia sauti, kile cha duara chenye herufi ukingoni, nikamwomba apulize hiyo G yake. Akapuliza. Nikailinganisha na kipenga: ilikuwa F. Mtu mwenye akili timamu angetosheka hapo. Mimi niliitazama midomo yake, nikaiona inacheza, nikasema moyoni: anaishusha makusudi. Kwetu sisi wa do-re-mi lililoandikwa ndilo linaloimbwa. Nikarudi Sirisia nikiamini kwamba siku ya watu bendi itapiga G kama karatasi inavyosema, kwaya yangu ibaki chini kwenye F, na mwenye aibu niwe mimi.

Kwaya na bendi hazikuwahi kufanya mazoezi pamoja, maana hapakuwa na lori la kubeba watu ishirini na wanne kila wiki. Kwa hiyo siku ya kufungua kanisa, nyuma ya jengo, niliwakusanya watu wangu, nikapuliza kipenga. Nilipuliza G.

Mzee mmoja wa besi akanitazama. "Mwarimu, reo si umetupandisha?"

"Imba," nikamwambia.

Tukaimba ubeti wa kwanza, na wimbo wangu ulikuwa mzuri, nakiri nilijivuna. Mkuu wa bendi alisimama kando, sikio lake zima likiwaelekea vijana wake. Akainua mkono. Tarumbeta zikaingia ubeti wa pili, safi, zote pamoja, katika F, kama alivyoniahidi.

Sitasahau kelele ile. Wanawake walishika vichwa, watoto wakacheka, na mgeni wa heshima akainamia viatu vyake. Mzee akawasimamisha vijana kwa kiganja, na kwaya ikamaliza peke yake. Mimi nilikwisha kuelewa tangu noti ya kwanza: G ya karatasi yake ilikuwa F ya kwaya yangu, na aliyekosea ni mimi.

Baada ya ibada wazee wa kanisa walimwita kwenye chumba cha nyuma, nami nikaitwa pia. Hawakupata nafasi ya kumlaumu. Yeye mwenyewe alinigeukia, uso umempauka, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwuliza daktari:

"Mwalimu, uniambie ukweli. Kwaya ilikaa F?"

Mlango ulikuwa wazi. Kwaya yangu ilikuwa nje ikinywa chai, na mzee wa besi angejibu swali hilo kwa neno moja. Niliogopa. Niliogopa kuchekwa, niliogopa kurudi Sirisia bila jina.

"Ilikaa F, mzee."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi hata hii ya kulia imekwisha. Nilisikia vijana wako sawa, kumbe walikosea." Akawaambia wazee wa kanisa wasihangaike kutafuta mtu, huyu mwalimu ameshajua kuandikia watu na kuandikia vyombo, wampe yeye.

Wakanipa. Mwaka uliofuata nikahamishiwa shule ya Kitale, na vijana wake wakawa wangu. Mazoezi ya kwanza alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akaomba kama naweza kumwachia ngoma, kwa sababu ngoma haina F wala G, hata kiziwi anaiweza. Nikamwachia. Alinipigia ngoma hiyo miaka minne, hadi alipofariki, na kila Jumamosi nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba sikio lake lilikuwa zima.