Siku Mama Aliposhuka Dunguni

Mpunga unapokaribia kuiva una harufu yake, na aliyeinusa utotoni haimtoki. Asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani, hunukia tope lililooshwa. Jua likipanda, harufu hiyo hukauka polepole mpaka inakuwa kama ya wali unaoanza kushika ukoko. Sisi tulikuwa na shamba kwenye uwanda wa mafuriko, chini kidogo ya Ngao, mahali ambapo mto Tana hupanda, ukaacha tope jeusi, kisha ukarudi kwao. Msimu huo ninaousimulia mto ulikuwa umefanya kazi yake vizuri. Masuke yalikuwa mazito, yameinamisha vichwa kama watu walio kwenye sala, na mama alikuwa akipita katikati yake akiyagusa kwa kiganja. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo shamba lilikuwa la watu wawili, yeye na mimi.

Watu wa mto wanajua kwamba mpunga hauliwi na aliyeupanda mpaka kwanza umeokolewa kutoka kwa ndege. Ni ndege wadogo wenye midomo myekundu, wanaokuja kama moshi uliosukumwa na upepo. Wakitua mahali, hapabaki ila makapi. Kwa sababu hiyo kila shamba huwa na dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mpunga, na tangu alfajiri mpaka jua kuzama lazima pawe na mtu juu yake, anayepiga kelele, anayegonga debe, anayerusha matope kwa kombeo. Kazi hiyo huitwa kuamia. Haitaki nguvu nyingi, ila haitaki mtu aondoke. Ndege hawana Jumapili. Shule zilikuwa zimefungwa, nami nilikaa dunguni na mama kutwa nzima, sauti zetu zikiwa zimekauka, masikio yamejaa kelele za madungu mengine kando ya mto.

Katikati ya kelele hizo mama alikuwa na redio. Ilikuwa redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na betri zake tulizianika juani zikichoka. Mama hakuwa mtu wa muziki kwa jumla. Aliimba kwaya kanisani kwa sababu dada zake waliimba. Lakini kulikuwa na mpiga gitaa mmoja wa huko kusini, upande wa Wagiriama, aliyeitwa Kitsao wa Nyuzi, na huyo akianza kusikika mama aliacha kombeo likaning'inia mkononi, mimi nikawa wa kuwafukuza ndege peke yangu. Hakujali maneno ya nyimbo. Waimbaji wakianza alikunja uso kama mtu anayesubiri mgeni msemaji amalize. Alilotaka ni gitaa. Alilifuata kwa mdomo uliofungwa, akiliimba puani, na kila kona ya kila wimbo aliijua kabla haijafika.

Kuhusu gitaa hilo alikuwa na ubishi wa miaka na kaka yake, mjomba Jilo, aliyekuwa na shamba jirani. Mama alishikilia kwamba Kitsao hapigi peke yake. Alisema chini kuna mtu mmoja anayetembea polepole, na juu kuna mwingine anayecheza. Mjomba alisema ni mtu mmoja. Hakuwa na sababu yoyote ya kusema hivyo isipokuwa kwamba mama amesema kinyume.

"Dada, unamjua yule kuliko mkewe," alikuwa akimpigia kelele kutoka dungu lake, "lakini hili limekushinda."

"Mkono mmoja hausemi maneno mawili, Jilo. Fukuza ndege wako."

Ndipo habari ikaja na mwenye lori la maembe, kwamba Kitsao atapiga mjini Garsen siku ya gulio. Kulikuwa na mfanyabiashara anayefungua duka jipya la vitambaa, na alitaka watu waje. Mama alisikia habari hiyo akiwa dunguni, akakaa chini. Mpunga ulikuwa umebakiza siku chache tu, na hizo ndizo siku ambazo hata mwenye homa hubebwa akalazwa dunguni ili apige kelele akiwa amelala. Mjomba hakuweza kulinda mashamba mawili, na kila mtu mwingine alikuwa juu ya dungu lake. Kuniacha mimi peke yangu karibu na mto, wakati viboko walikuwa wameonekana tena, hakutaka hata kulifikiria. Mchele wa shamba lile ndio ungekuwa chakula chetu mpaka mafuriko mengine. Wahenga wanasema mshika mbili moja humponyoka, na mama alikuwa ameshika mbili.

Aliyemtoa katika shida hiyo alikuwa Mama Barisa, rafiki yake. Mama Barisa alikuwa mwanamke wa Kiorma, mrefu, mwenye maneno machache. Watu wake walikuwa wafugaji, na kila asubuhi alikuja na kibuyu cha maziwa, akarudi na ndizi au mchele. Urafiki wao ulianza katika biashara hiyo ukaipita. Alipoona mama anavyojiuma midomo, alicheka.

"Wewe nenda, Mama Dorika. Chukua na mtoto," alisema, akimwita mama kwa jina langu kama kawaida yake. "Mimi nakaa hapa. Mimi nimelinda mali tangu mdogo kuliko huyu."

Mama alimshukuru, akamwonyesha mipaka ya shamba. Hakumweleza zaidi. Kwetu hakuna anayemweleza mtu mzima jinsi ya kulinda mpunga, sawa na vile kwao hakuna anayemweleza mtu jinsi ya kukamua.

Tuliondoka jua likiwa halijachomoza, tukatembea mpaka barabarani, tukapakiwa juu ya maembe. Mama alivaa leso yake ya kanisani. Garsen ilikuwa imejaa. Kulikuwa na vijana wa Kiorma waliosimama kwa mguu mmoja wakiegemea fimbo zao, wafanyabiashara wa Kisomali waliojitandikia mikeka vivulini, wanawake wa Kigiriama na vikapu vya korosho, na watu wetu wa mto waliovaa kama wanaokwenda ubatizo. Baada ya swala ya adhuhuri jenereta liliwashwa. Mama, ambaye sikuwahi kumwona akimsukuma mtu, alisukuma watu. Tulifika mbele kabisa tukakaa chini mavumbini pamoja na watoto.

Kitsao alikuwa mtu mdogo. Nadhani nilitegemea jitu. Alikuwa mwembamba, amezeeka kidogo, suruali imefuliwa mpaka rangi imekwisha, na alimaliza chai yake bila haraka huku watu wote wakimtazama. Kisha akakaa juu ya kiti cha mbao, akaanza kukaza nyuzi moja moja. Mama hakumtazama yeye. Alikuwa anamtafuta wa pili. Alichungulia nyuma ya spika, akachungulia upande wa duka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama naona mtu mwingine mwenye gitaa. Sikuona.

Wimbo ulipoanza ndipo mama alipogeuka. Tulikuwa karibu kiasi cha kuona kucha za Kitsao. Kidole gumba chake kilishuka juu ya nyuzi nene, kikapanda, kikashuka, bila kuchoka wala kuharakisha, kama mtu anayetwanga. Na wakati kidole hicho kinatwanga, vingine viwili vilikuwa juu, kwenye nyuzi nyembamba, vikikimbizana. Mkono ulikuwa mmoja. Mama alinishika kifundo cha mkono, akakikaza.

"Ni mmoja," alisema. Hakuniambia mimi. "Ni mmoja peke yake."

Wengine walicheza, vumbi likapanda. Mama hakucheza. Alikaa vilevile wimbo baada ya wimbo, mdomo wazi, na baada ya muda nikahisi vidole vyake vinatembea juu ya mkono wangu, gumba likigonga chini, viwili vikitafuta juu. Alikosea, akarudia. Jenereta likakohoa likazimika, watu wa nyuma wakaguna, lakini Kitsao aliendelea kama mtu ambaye hakusikia. Hapo sisi tuliokaa mavumbini tulipata kilichobaki, mkwaruzo wa kucha, pumzi yake, na mbao za gitaa zikijibu. Sijui kulisema hilo vizuri. Najua tu kwamba redio haikuwahi kutuambia kwamba mtu huyo anapumua.

Alipomaliza alipita karibu nasi. Mama alikuwa na maneno mengi; miaka mingi alikuwa akiyaweka. Yalitoka matatu.

"Pole na kazi," akasema.

"Asante, mama. Mmetoka wapi?"

"Ngao."

Akamtazama miguu, ambayo bado ilikuwa na tope jeusi kwenye kucha. "Na mpunga haujaiva huko?"

"Unaiva."

"Mmeuacha na nani?"

"Na rafiki."

"Basi mna rafiki," akasema, akaenda zake kutafuta chai nyingine.

Tulifika shambani jua linaelekea kuzama. Mama Barisa hakuwa dunguni. Alikuwa amesimama mwisho wa shamba, upande wa njia ya mifugo, fimbo mabegani, akiitazama njia hiyo kama alivyoitazama tangu asubuhi. Alikuwa na uso wa mtu aliyefanya kazi yake.

"Ng'ombe hata moja haikuingia," alisema. "Walikuja wa Galgalo, nikawarudisha. Mbuzi pia nikawarudisha. Ndege wadogo tu ndio walikuja kule katikati. Wengi, wazuri. Hao niliwaacha, hao hawana shida."

Hakuna aliyekosa pale, na nimelifikiria hilo mara nyingi. Maisha yote ya Mama Barisa, ugomvi wote kati ya watu wake na watu wetu ulikuwa juu ya ng'ombe kuingia shambani. Kulinda shamba la mkulima, kwake, kulikuwa na maana hiyo moja. Hata kelele za madungu alizozisikia kila asubuhi alizichukua kuwa za kufukuza mifugo na viboko. Na kwa mfugaji ndege ni mwema, humtolea ng'ombe kupe. Alikuwa amesimama juani kutwa nzima bila kukaa, ili rafiki yake asije akapoteza hata jani.

Mama alitembea mpaka katikati ya shamba. Nilimfuata. Masuke yaliyokuwa yameinama asubuhi sasa yalikuwa yamesimama wima, mepesi, na chini palikuwa peupe kwa makapi. Kando kando palikuwa pamesalia. Nilisubiri alie. Alikaa chini hapohapo, akafunika uso kwa leso, mabega yakaanza kutikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. Aliporudi kwa Mama Barisa alikuwa amepangusa macho. Alimshika mikono yote miwili akamwambia asante, kisha akamketisha chini ya dungu, akaanza kumwonyesha kwa vidole, juu ya fimbo yake, jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa wawili.

Mjomba Jilo, aliyeshindana na ndege wake kutwa akidhani kwetu kuna mlinzi, alipokuja na kuona shamba alishika kichwa. Mama alimwahi.

"Ni mmoja," akasema.

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia bila kujua. Sasa mimi najua."

Sitasema kwamba hatukuwa na njaa mwaka huo. Tulikuwa nayo. Tulikula ndizi mbichi za kuchemsha mpaka nikazichukia, na kuna jioni ambazo mama alisema ameshiba nami nilijua hajala. Mama Barisa alikuja kufahamu alipomwona mama anavuna kingo za shamba tu. Hakuomba msamaha, wala hakulisema jambo hilo. Ila tangu siku hiyo maziwa yaliletwa kila asubuhi, na akipewa kitu alikataa, akisema kibuyu chake kimejaa, hakina nafasi. Mara moja, nikiwa nimechoka na ndizi, nilimuuliza mama kama hajuti. Alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu hakuwa mtu wa kunidanganya.

"Mpunga nimeuvuna tangu nikiwa mdogo kama wewe," alisema. "Yule nimemwona."

Mama alifariki mwaka jana, kabla ya mavuno. Mazishini watu walisema mema yake, na yote yalikuwa kweli, kwamba alikuwa mchapakazi, kwamba aliimba kwaya, kwamba hakuwahi kulala na ugomvi. Katikati zilipita miaka mibaya baina ya watu wa mto na watu wa mifugo, miaka ambayo watu waliacha kusalimiana njiani, na sikujua kama Mama Barisa atakuja. Alikuja, mzee sasa, ameshikwa mkono na mjukuu. Alikaa karibu nami kwenye mkeka. Kisha akasema, "Siku ile ya Garsen. Mimi niliona uso wake akirudi. Nikasema moyoni, huyu amekula."

Sasa shamba ni langu. Nimesoma kidogo, na nilichonacho ni uangalifu. Sijawahi kushuka dunguni mpunga ukiwa unaiva, kwa harusi wala kwa sherehe, na ghala langu halijawahi kuwa tupu. Nina simu, na ndani yake Kitsao yupo, anapiga wakati wowote nikimtaka, mara kumi kwa siku nikipenda. Wanangu humsikiliza wakicheka kidogo, kisha wanahamia kwa mwingine. Maisha haya ni mepesi kuliko yale, sitayasema vibaya. Lakini wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini, na methali hiyo nimejaribu kuiamini nikashindwa. Mama alikula mchana mmoja, akashiba maisha yake yote. Mimi ninakula kila siku, na bado sijajua ni nini kitakachonifanya niuache mpunga wangu kwa ndege. Ninaomba tu kwamba siku kitakapokuja, nitakitambua, na nitashuka.